Mwaka Uliotembea

Kivuli cha Syokimau

Tarehe 21 Juni, yapata saa sita na nusu mchana, kivuli cha nguzo ya umeme pale Syokimau, kando ya Nairobi, hulala upande wa kusini, urefu wake ukikaribia nusu ya nguzo yenyewe. Jua liko kaskazini, limefika mwisho wa safari yake ya upande huo, na baada ya hapo linaanza kurudi. Miezi sita baadaye, tarehe 21 au 22 Desemba, kivuli kilekile kimegeuka na kulala kaskazini. Anayeangalia chini ataliona badiliko hilo. Anayeangalia saa ataona kidogo sana, kwa kuwa mchana wa Juni na mchana wa Desemba hapa hupishana kwa dakika kumi hivi. Syokimau iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi zisizofika moja na nusu.

Stockholm siku hiyohiyo ya Juni ina mchana wa zaidi ya saa 18, na Desemba unabaki mchana wa saa 6 tu. Watu walioishi gizani kiasi hicho walikuwa na kila sababu ya kuwasha mioto, kucheza ngoma usiku kucha na kuipa siku ya jua refu jina na heshima yake. Syokimau, Juni ni mwezi wa masweta. Mawingu huinamia mbuga za Athi tangu alfajiri, na siku nyingine jua halionekani hadi mchana.

Jua linalotawala maisha yetu ni lile la Machi na la Septemba. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, linapita juu ya utosi na kivuli kinakusanyika miguuni. Majuma machache baadaye mvua hufuata, kwa sababu mkanda wa mawingu huliandama jua likienda kaskazini na likirudi kusini, nao huchelewa kidogo nyuma yake. Ndiyo maana hapa Ukambani kuna mvua mbili: ya uua, kuanzia Machi hadi Mei, na ya nthwa, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hakuna aliyehitaji sherehe ya Juni.

Hata hivyo Afrika Mashariki ina sikukuu kubwa ya mwaka wa jua, nayo siku hizi huangukia Julai. Ilikuwa Agosti enzi za babu wa babu zetu, na Novemba enzi za manahodha wa karne ya 15. Kuelewa kwa nini inatembea, wakati ile ya Ulaya imetulia Juni, kunatupeleka mbali kwanza.

Roma: jua linapewa tarehe

Mwaka 45 kabla ya Kristo, Julius Caesar alianzisha kalenda mpya kwa ushauri wa Sosigenes, mnajimu wa Aleksandria. Mwaka ulipewa siku 365, na kila mwaka wa nne ukaongezewa siku moja. Ndani ya kalenda hiyo Warumi waliziwekea tarehe pembe nne za safari ya jua, na desturi yao ilizipanga zote siku ya nane kabla ya mwezi mpya kuanza. Kwa hesabu hiyo, siku ya jua fupi ilikuwa tarehe 25 Desemba, na siku ya jua refu ikawa tarehe 24 Juni. Pengo la siku moja kati ya 25 na 24 linatokana na urefu wa miezi: Desemba ina siku 31 na Juni ina 30, kwa hiyo kuhesabu nyuma siku nane hakufiki tarehe ileile.

Kanisa lilipoanza kuadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba, katika karne ya 4, hesabu ya Yohana Mbatizaji ilijipanga yenyewe. Injili ya Luka inasema Elisabeti alikuwa na mimba ya miezi sita wakati Maria alipopashwa habari. Miezi sita kabla ya Krismasi ni mwisho wa Juni, na Yohana akapewa tarehe 24. Mtakatifu Augustino aliona maana hapo: Yohana alisema kwamba yeye atapungua na Kristo ataongezeka, na kweli baada ya sikukuu ya Yohana mchana wa nchi za kaskazini huanza kufupika, na baada ya Krismasi huanza kurefuka. Mioto ya zamani ya Juni ikapata mtakatifu wake, na hadi leo usiku huo huitwa kwa jina la Yohana kuanzia Ureno hadi Latvia.

Kalenda ya Caesar ilikuwa na kasoro ndogo. Mwaka wake ulizidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Dakika hizo haziumizi mtu katika maisha yake, lakini katika miaka 128 zinatimia siku nzima.

Uajemi, 632 hadi 1079

Mwezi wa Juni mwaka 632, mwaka aliofariki Mtume Muhammad, kijana mmoja alitawazwa kuwa mfalme wa Uajemi. Aliitwa Yazdegerd wa Tatu, na ndiye aliyekuwa wa mwisho katika ukoo wa Wasasani. Hesabu ya miaka ya utawala wake ilianza siku ya Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waajemi, tarehe 16 Juni, siku chache tu kabla ya jua kufika kituo chake cha kaskazini. Yazdegerd aliuawa mwaka 651 akikimbia majeshi ya Waarabu, na baada yake hakuna mfalme wa ukoo huo aliyeanzisha hesabu mpya. Watu waliendelea na ya kwake.

Mwaka wa Waajemi hao ulikuwa na siku 365 kamili. Miezi 12 ya siku 30, na siku 5 za nyongeza. Hapakuwa na siku ya ziada kila baada ya miaka minne. Kwa sababu mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo, kila miaka minne Nairuzi ilitangulia jua kwa siku moja. Katika miaka mia moja ilitangulia kwa siku 24 hivi. Mtoto aliyezaliwa Nairuzi ikiwa katika msimu fulani angezeeka akiiona imesogea nusu mwezi, jambo ambalo mtu angeweza kulizoea bila kushtuka.

Wakusanya kodi ndio walioshtuka. Kodi ya mavuno ilidaiwa kwa tarehe, na tarehe ilikuwa ikitangulia mavuno. Mwaka 1079 Sultani Malik Shah alikamilisha matengenezo ya kalenda yaliyofanywa na jopo la wanajimu, Omar Khayyam akiwa mmoja wao. Nairuzi ya serikali ilifungwa kwenye siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana, na Wairani wanaiadhimisha hapo mpaka sasa.

Lakini tangazo la sultani lilifika pale tu dola yake ilipofika. Wafuasi wa dini ya Zoroaster waliokimbilia India, tunaowajua kama Waparsi, walibaki na hesabu ya Yazdegerd. Na bahari nayo ilibaki nayo.

Bahari ya Hindi: hesabu ya Nairuzi

Nahodha wa Bahari ya Hindi alikuwa na tatizo ambalo kalenda ya Kiislamu haikuweza kulitatua. Mwaka wa Hijra una siku 354 au 355. Ramadhani husogea kwa siku 11 hivi kila mwaka, ikapitia masika na kiangazi bila kujali upepo. Jahazi linalongoja kaskazi ili kushuka kutoka Arabuni hadi pwani yetu, kisha kusi ili kurudi, haliwezi kuongozwa na mwezi. Nahodha huyohuyo aliswali na kufunga kwa hesabu ya Hijra, na alitweka tanga kwa hesabu ya Nairuzi.

Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia kutoka Julfar katika Ghuba, aliandika mwishoni mwa karne ya 15 vitabu vinavyotaja safari kwa namba ya siku: siku fulani baada ya Nairuzi bandari hii hufungwa, siku fulani yafaa kuondoka. Katika zama zake Nairuzi ya mabaharia iliangukia Novemba. Ukiirudisha hesabu nyuma kutoka hapo, siku moja kwa kila miaka minne, unafika Juni ya mwaka 632.

Watu wengi wakiisikia habari hii husema mabaharia hawakuijua robo ya siku. Siamini hivyo hata kidogo. Ibn Majid alipima nyota kwa ustadi ambao vitabu vyake vinauthibitisha. Hesabu ya siku 365 ilipendwa kwa sababu haina ubishi. Haihitaji mfalme wa kutangaza siku ya nyongeza, wala barua ya kuieneza hadi Kilwa, Lamu na Maskati. Watu wawili waliotengana kwa miaka kumi, kila mmoja akihesabu peke yake, wakikutana watakubaliana leo ni siku ya ngapi. Na kama siku ya kuondoka inasogea wiki moja katika miaka ya kazi ya nahodha, mwanafunzi wake ataongeza namba, basi.

1582: Papa anafuta siku kumi

Kufikia karne ya 16 zile dakika 11 za Caesar zilikuwa zimekusanyika. Jua refu lilikuwa likifika tarehe 11 au 12 Juni, na Pasaka ilikuwa inayumba. Papa Gregori wa 13 aliamuru kwamba siku inayofuata tarehe 4 Oktoba 1582 iwe tarehe 15. Angeweza kulirudisha jua mahali Caesar alipoliweka. Yeye alichagua kulirudisha lilipokuwa wakati wa Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, kwa kuwa hesabu ya Pasaka ilitegemea mtaguso huo. Kati ya Caesar na Nikea jua lilikuwa limeshasogea siku kama tatu. Hapo ndipo ilipozaliwa tofauti inayowasumbua wengi hadi leo: jua hufika kituoni tarehe 20 au 21 Juni, na sikukuu ya Yohana imebaki tarehe 24.

Uingereza, kwa kuwa ilikuwa ya Kiprotestanti, ilimpuuza Papa hadi mwaka 1752, ikalazimika kufuta siku 11. Kisiwa cha Man hufanya mkutano wa bunge lake la kale tarehe 5 Julai, ambayo ni tarehe 24 Juni ya kalenda iliyofutwa. Wareno walipoipeleka sikukuu ya Yohana Brazil, mioto ikawashwa Juni palepale, ingawa kusini mwa ikweta huo ni wakati wa baridi. Mwaka 1953 Sweden iliihamishia sikukuu yake kwenye Jumamosi inayoangukia kati ya tarehe 20 na 26 Juni, ili watu wapate mapumziko marefu ya mwisho wa wiki. Jamaa zetu wanaofanya kazi Stockholm na Gothenburg husherehekea jua siku ambayo imepangwa na ratiba ya kazi.

Pwani ya Waswahili: mwaka wa miongo

Katika miji ya Waswahili hesabu ya Nairuzi iliota mizizi kwa wakulima pia. Mwaka uligawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku. Miongo 36 inafanya siku 360, na zile 5 zinazobaki hufunga mwaka. Mzee aliyeshika hesabu aliweza kusema ni mwongo wa ngapi, na kwa huo mkulima alijua kama ni wakati wa kufyeka, kuchoma au kupanda, na mvuvi alijua bahari inakaribia kuchafuka.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuukagua mwaka, na mimi naiona ni nzuri kuliko zote. Siku 365 ni wiki 52 na siku moja. Kwa hiyo mwaka ukianza Ijumaa, unaofuata lazima uanze Jumamosi, na wa tatu Jumapili. Kila mwaka uliitwa kwa siku yake, na kila siku ilikuwa na tabia zake za mvua, maradhi na biashara. Mtu aliyepotea katika hesabu hakuhitaji kitabu. Alikumbuka tu mwaka uliopita ulianza siku gani, akasogeza mbele siku moja. Siku ya nyongeza ya Wazungu ingeuvunja mnyororo huu wote.

Waandishi wa karne ya 19, akiwemo Edward Steere wa misheni ya Zanzibar, waliikuta Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi ya Waswahili, ikiangukia Agosti. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika *Desturi za Wasuaheli* iliyochapishwa mwaka 1903, aliipa nafasi miongoni mwa mila alizozieleza. Watu waliamka mapema kwenda kuoga baharini, wanaume kwa wanawake. Moto wa zamani ulizimwa, majivu yakatupwa, na moto mpya ukawashwa. Katika miji kadhaa ng'ombe alizungushwa mji mzima huku dua zikisomwa, kisha akachinjwa na nyama ikaliwa na wote, ili mwaka usiingie na balaa.

Na Zanzibar hiyohiyo walikaa Waparsi, wafanyabiashara na makarani kutoka India, waliokuwa na hekalu lao la moto. Mwaka wao mpya ulitembea kwa mwendo uleule, siku moja kila miaka minne. Waparsi waligawanyika India mwaka 1745 kwa sababu kundi moja lilikuwa nyuma ya jingine kwa mwezi mzima, na hadi leo wengine huanza mwaka Julai na wengine Agosti. Katika mji mmoja, basi, jamaa wa hesabu moja ya Yazdegerd walikuwa wakipishana sokoni: Mwislamu akitoka kuoga mwaka, na Mparsi akitoka hekaluni.

Ukambani, 1899: kalenda inapanda garimoshi

Bara hapakuwa na Nairuzi. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika jinsi mwaka ulivyohesabiwa kwa matukio. Mvua mbili na vipindi viwili vya ukavu vikishapita, mwaka umetimia. Mwaka mmoja ungeweza kuwa na siku 350 na mwingine 390, na hakuna aliyeona kasoro, kwa sababu mvua ndiyo iliyokuwa mwaka. Sadaka katika maeneo matakatifu, mathembo, zilitolewa mvua ilipongojwa na mavuno yalipoingia, si kwa tarehe. Wengi wamembishia Mbiti juu ya mambo mengine aliyosema kuhusu wakati, hasa wakati ujao. Juu ya hili la mvua, mkulima yeyote wa Machakos atakubaliana naye.

Miaka yenyewe ilikumbukwa kwa majina. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 ni *Yua ya Ngomanisye*, njaa iliyoenea kila mahali, mvua zilipokosekana baada ya sotoka kumaliza ng'ombe na ndui ikiwa inaua watu. Katikati ya njaa hiyo reli ilikuwa inapita. Ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi Mei 1899, ikivuka nchi ya Wakamba. Inasimuliwa kwamba nabii Syokimau alikuwa ameshaiona kabla haijaja: nyoka mrefu kutoka baharini, atemaye moto na moshi, na watu wa rangi ngeni waliobeba moto mifukoni. Mtaa unaobeba jina lake ndipo kilipo kituo cha Nairobi cha reli mpya ya Mombasa, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017.

Unabii unamtaja nyoka. Ndani ya tumbo lake alibeba kalenda ya Papa Gregori. Treni huondoka kwa tarehe na saa, kodi ya nyumba hudaiwa kwa mwaka wa serikali, na shule za misheni zikafunguliwa na kufungwa kwa muhula. Wamisionari wa African Inland Mission walikuwa Nzaui tangu mwaka 1895, na sikukuu waliyoileta kwa nguvu zaidi ilikuwa ya tarehe 25 Desemba. Ile ya Juni, ya Yohana, ilibaki siku ya kawaida ya kanisa.

Krismasi ilipata bahati Ukambani. Kusini mwa ikweta haina maana ya jua fupi, lakini inakuja nthwa ikiwa imeshanyesha, mahindi na kunde zikiwa kijani, na kwa Wakamba mvua ya nthwa ndiyo ya kutegemewa. Siku chache kabla yake barabara ya Mombasa pale Mlolongo hujaa matatu na mabasi ya Machakos, Wote na Kitui, magunia juu ya paa, watoto wamepakatwa, nauli imepanda. Tarehe ya Warumi wa kale imekutana na mvua yetu, na watu wameikubali.

Makunduchi, Julai

Miji mingi ya pwani imeiacha Siku ya Mwaka, au imeibakiza kwa wazee wachache. Baadhi ya masheikh waliipinga kwa kuwa si sikukuu ya Kiislamu, na kalenda ya ukutani ilimnyang'anya kazi mshika miongo. Injini iliyatoa majahazi kwenye utumwa wa upepo. Makunduchi, kusini mwa Unguja, wameishika. Mwaka Kogwa huko huja Julai. Wanaume wa pande mbili za mji hukabiliana uwanjani kwa vigogo vya migomba, wakamaliza kinyongo cha mwaka mzima kwa kupigana hadharani. Kibanda cha makuti huchomwa huku mtu akiwa ndani, naye hutoka mbio kabla hakijaanguka. Wanawake huzunguka wakiimba, na hakuna nyumba inayotaka kupitiwa na siku hiyo bila mgeni wa kulisha.

Watalii wameongezeka, na hoteli zinahitaji kujua tarehe miezi mingi kabla. Shinikizo la kuifunga sikukuu kwenye tarehe moja ya Julai ni kubwa, na naelewa faida yake. Mimi ningependa hesabu iachwe itembee, na kila mwaka siku yake iandikwe: imeangukia tarehe ngapi, na mwaka umeanza siku gani ya wiki. Kumbukumbu hiyo ni rahisi kuitunza na hakuna ofisi nyingine duniani inayoweza kuitengeneza upya ikipotea.

Maana hesabu hii ina safari ambayo haijakamilika. Mwaka wa siku 365 unaotangulia jua kwa karibu robo ya siku huhitaji takriban miaka 1,507 kuzunguka misimu yote na kurudi ulipoanzia. Ukianza na Nairuzi ya Yazdegerd, mwaka 632, unafika mwaka 2139. Siku ya Mwaka ya pwani, ikiendelea kusogea kutoka Julai kwa mwendo wake wa siku zote, itaingia Juni, na katika karne ya 22 itakutana na jua la kaskazini kwa mara ya kwanza tangu Waajemi walipomtawaza mfalme wao wa mwisho.